Mbio za vijiti: Jinsi ya kumfundisha mtoto kukimbia na wenzake

Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zinajulikana kwa mbio ndefu. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 huku goti likiwa limeumia. Lakini marathoni kila mtu na mguu wake. Mbio za kupokezana vijiti humfundisha mtoto kitu kingine: kumtegemea mwenzake.

Kifaa ni kimoja tu: kipande cha bomba au mti chenye urefu wa sentimita 30 hivi.

1. Anzeni mkiwa mmesimama. Watoto wanne wapange mstari, kijiti kitoke nyuma kwenda mbele. Wa kwanza ashike kwa mkono wa kulia, wa pili apokee kwa kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho.

2. Tembeeni, kisha kimbieni polepole. Anayeleta aseme "Shika!" Anayepokea anyooshe mkono nyuma bila kugeuka.

3. Choreni mistari kwa majivu. Kwenye mita 100 mara nne, kijiti hupokewa ndani ya eneo la mita 30. Kikipokewa nje, timu inatolewa.

Kijiti kikianguka je? Kwa sheria, aliyekiangusha ndiye anayekiokota. Ila mwalimu asimfokee mmoja, maana kupokezana ni kazi ya wawili. Wote wawili warudie. Mtoto akizomewa leo, kesho haji mazoezini.

Wenye kasi wakipokezana vibaya, hupitwa na wanaoelewana.