Chapa Juu ya Chuma: Bastola ya Kale kama Hati na Wajibu wa Mkusanyaji Wake

Mwezi Agosti 2021, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza huko Los Angeles bastola ya silinda aina ya Colt kwa zaidi ya dola milioni sita. Kwa chuma chake, silaha hiyo haikuwa na upekee wowote. Kiwanda cha Colt kilitengeneza zaidi ya laki tatu za aina hiyo kuanzia 1873 hadi miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, na nyingi bado zipo. Iliyouzwa ilikuwa ya Pat Garrett, polisi wa New Mexico aliyempiga risasi jambazi Billy the Kid usiku wa Julai 14, 1881, na iliambatana na mlolongo wa nyaraka, zikiwemo za kesi ambayo mjane wa Garrett aliifungua ili airejeshe mikononi mwake. Bila nyaraka hizo na bila namba iliyopigwa kwenye fremu yake, mnunuzi angelipa sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Ninaanza na mauzo haya kwa sababu yanaweka wazi jambo ambalo vitabu vingi vya wapenzi wa silaha hulipita haraka: anayekusanya bastola za kale hakusanyi mashine, anakusanya ushahidi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba bastola ya kale ni hati, kwamba maandishi ya hati hiyo ni chapa, namba, rangi na michubuko iliyomo juu ya chuma, na kwamba wajibu wa kwanza wa anayeimiliki ni kutoyafuta.

Mfano ulio bora kuliko yote ni bastola ya Kijerumani iitwayo Luger. Georg Luger aliiboresha kutokana na bastola ya Hugo Borchardt ya 1893, Uswisi ikaipokea jeshini mwaka 1900, jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka 1908, ndipo ikaitwa P.08. Silaha hii ina maandishi mengi kuliko jalada la ofisi. Juu ya chemba hupigwa mwaka wa kutengenezwa. Namba kamili imo kwenye fremu na mtutu, na tarakimu mbili za mwisho za namba hiyo hurudiwa kwenye vipande vidogo, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa kila kipande kilisawazishwa kwa mkono kikubaliane na bastola yake. Namba zilipofika elfu kumi zilianza upya zikifuatiwa na herufi, hivyo mtu mwenye subira anaweza kukadiria bastola ilitoka kiwandani sehemu gani ya mwaka. Wakaguzi waliacha herufi ndogo zilizovikwa taji. Kikosi kilichoipokea nacho kilipiga alama yake mbele ya mpini, kwa kufuata kanuni ya jeshi ya 1909 iliyoeleza kila kikosi kiandike nini. Kisha ikaja historia yenyewe. Baada ya kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na kutia saini Mkataba wa Versailles, uliobana jeshi la Ujerumani lisizidi watu laki moja, serikali ya Berlin ilipitisha mwaka 1920 sheria ya kuwanyang'anya raia silaha za kivita, na silaha zilizobaki kuwa mali ya dola zikapigwa chapa ya 1920. Ndiyo sababu mtu hukutana na Luger yenye miaka miwili juu ya chemba, 1918 na 1920, mmoja juu ya mwingine. Tarakimu nane tu, na ndani yake kuna dola lililoanguka na dola jipya linalohesabu silaha zake chini ya macho ya washindi.

Sasa tazama kinachotokea mmiliki anapoona kwamba bastola hiyo imefifia na kuamua kuirudishia sura yake ya zamani. Huanza na msasa na gurudumu la kung'arishia. Kingo kali za tarakimu hulainika, mzunguko wa tundu huwa kama yai, na alama hafifu za wakaguzi hupotea kabisa. Kisha chuma huchovywa kwenye kemikali za kutia weusi. Lakini kwenye Luger zilizotengenezwa kabla ya 1937 baadhi ya vipande vidogo, kama kifyatuo na komeo la usalama, havikuwa vyeusi. Vilichomwa kwa joto hadi vikawa na rangi ya nyasi kavu, na mwaka huo ndipo kiwanda cha Mauser, kilichokuwa kikizitengeneza wakati huo, kilipoiacha njia hiyo. Anayevitia weusi vipande hivyo amefuta tarehe. Kuna ukarabati mbaya zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, bastola nyingi za Webley Mk VI, silaha ya maofisa wa Uingereza tangu 1915, ziliingia Marekani, na kwa vile risasi zake za .455 zilikuwa adimu huko, silinda zao zilichongwa nyuma ili zipokee risasi za .45 zilizopatikana kila duka. Chuma kilichochongwa hakirudi. Haijalishi kwamba nia ilikuwa njema.

Mtu atauliza: basi tuiache kutu ile kila kitu? La. Kutu nayo hufuta, tena bila kuchagua, na mkusanyaji anayeiacha bastola ioze ana kosa lilelile la anayeipiga msasa. Tofauti iko kati ya kuhifadhi na kurudisha. Kuhifadhi ni kusimamisha uharibifu kwa njia inayoweza kuondolewa kesho: mafuta mepesi, unyevu unaodhibitiwa, au nta ya hifadhi ya aina iliyobuniwa katika maabara ya Makumbusho ya Uingereza. Kurudisha ni kujaribu kumuonyesha mtazamaji mwaka 1917 kwa kufuta kila kilichotokea baada yake, na hicho kilichotokea ndicho tunachotaka kukijua.

Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa wenye ujuzi. Wanasema kwamba majeshi yenyewe yalizikarabati silaha hizi bila kujali maandishi, kwa hiyo usafi ninaoutetea haujawahi kuwepo. Ni kweli kwamba maelfu ya bastola za Nagant za mwaka 1895, zenye matundu saba, zilizoundwa na ndugu wawili wa Liège na kutengenezwa Tula nchini Urusi, zilipitia maghala ya Kisovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zikatiwa rangi upya na kuchanganywa vipande. Ni kweli pia kwamba jeshi la Marekani halikuhitaji vipande vya Colt ya 1911 vilingane. John Browning na kiwanda walitaka hasa viweze kubadilishana, na maghala yaliyozifungua na kuzifunga upya yalipiga herufi zake kwenye fremu. Lakini ukweli huu unaipa hoja yangu nguvu. Ghala la jeshi lililobadilisha kipande mwaka 1946 lilikuwa bado linaishi ndani ya maisha ya silaha hiyo, na badiliko lake ni ukurasa wa jalada. Anayetenda hivyo leo karakanani kwake anaandika juu ya kurasa za wengine. Kwa sababu hiyo naona kuwa ibada ya namba zinazolingana, iliyotawala soko la Luger na kuenea hadi kwa silaha nyingine, imepotosha ukusanyaji. Mtu anayeitupa sehemu ya Colt iliyotiwa ghalani ili atafute nyingine ya kiwanda kilekile cha fremu anadhani anairudisha silaha kwenye asili, kumbe anatunga asili ambayo silaha hiyo haikuwa nayo siku ilipotoka jeshini.

Soko hilohilo ndilo linalozaa waghushi. Mwaka 1941 kampuni ya Singer, ileile ambayo cherehani zake zinajulikana kila mtaa wa mafundi nguo Afrika Mashariki, ilitengeneza bastola 500 tu za M1911A1, toleo la baadaye la ile Colt ya 1911, kwa oda ya majaribio, zenye namba S800001 hadi S800500, kabla ya kupewa kazi nyingine za kivita. Uchache huo umezifanya ziwe miongoni mwa bastola za jeshi la Marekani zinazotafutwa zaidi, na jina la Singer limepigwa kwenye chuma ambacho hakikuliona lango la kiwanda hicho. Je, ughushi haubomoi dai kwamba chapa ni ushahidi? Haubomoi, kama vile hati bandia ya kiwanja isivyoondoa maana ya hati halali. Bandia hutambuliwa kwa kulinganishwa: umbo la herufi, kina cha pigo, jinsi chuma kilivyojikunja pembeni mwa tarakimu, na kama rangi imeingia ndani ya pigo au imekatwa nalo. Ulinganisho huo unahitaji bastola halisi ambazo hazijaguswa. Kila iliyong'arishwa inapunguza idadi ya mashahidi na kumrahisishia mwongo kazi.

Limebaki pingamizi la kimaadili, na silipuuzi. Hivi ni vyombo vilivyoundwa kuua binadamu, na kuvipanga katika kabati la kioo huweza kuwa namna ya kuyatukuza mauaji. Winston Churchill alibeba bastola ya Mauser C96 kwenye vita vya Omdurman, Septemba 2, 1898, kwa kuwa bega lake bovu lilimzuia kutumia upanga. Vitabu vya wakusanyaji hupenda kulitaja hilo, na mara chache hutaja kwamba asubuhi ile Wasudani wapatao elfu kumi waliuawa, huku upande wa Waingereza na Wamisri ukipoteza watu wasiofika mia moja. Ukusanyaji unaokomea kwa Churchill ni mbovu, na ninaukataa. Lakini dawa yake ni kusoma zaidi, si kusoma kidogo. Kuhusu usalama, sheria inaweza kuwa kali bila kuwa kipofu. Baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane mwaka 1996, Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za mkono, lakini sheria ya 1997 iliruhusu, kwa leseni na masharti, baadhi ya zilizotengenezwa kabla ya 1919; na wahalifu walipoanza kutumia silaha za kale ambazo risasi zake zingeweza kutengenezwa tena, kanuni za 2021 ziliondoa aina saba za risasi kwenye orodha iliyokuwa inazisamehe silaha hizo. Huo ni uamuzi wa haki. Mkusanyaji mwaminifu hapaswi kuuchukia, maana hati aliyonayo haihitaji risasi ili isomeke.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kulifikiria jambo hili. Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi inazitaka nchi wanachama zitie alama kila silaha ili asili yake ifuatiliwe, na serikali zetu zimekuwa zikichoma hadharani silaha haramu zilizokamatwa. Kuzichoma ni sawa, na marundo hayo yapungue hadi yaishe. Lakini kunapotokea katika rundo bastola ya Webley, Luger au Nagant, chapa zake ni jibu la swali la nani aliileta huku, kwa vita gani na kwa njia ipi. Naziomba idara za polisi na makumbusho za kanda hii zikubaliane juu ya hatua moja tu: kabla ya silaha ya kale kutiwa motoni, ipigwe picha pande zote, namba na alama zake zote zinakiliwe, na nakala ipelekwe kwenye nyaraka za taifa.