Bahari Yetu, Roketi Yao: Historia Fupi ya Fueli Mango na Jukwaa la San Marco

Kabuga, mji ninapoishi pembezoni mwa Kigali, uko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi nchini Kenya, liko takriban nyuzi 3. Kwa hiyo sisi tuko karibu zaidi na ikweta kuliko mahali ambapo Waitaliano walipachagua kurushia roketi. Walikuwa na sababu. Dunia inapozunguka, eneo la ikweta huenda kwa kasi ya karibu mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo.

Lakini ukaribu na ikweta peke yake haurushi kitu. Insha hii inaangalia historia ya fueli mango, yaani fueli ya roketi ambayo si kimiminika wala gesi. Hoja yangu ni kwamba ugumu wa kuiboresha haukuwa kupata moto mkali tu, bali kupatanisha sifa zinazopingana, na kwamba ujuzi wa kuzipatanisha haukuja Afrika Mashariki pamoja na roketi.

Kwanza tuelewe tatizo lenyewe. Fueli mango ya kisasa huwa na vitu vitatu vikuu: chumvi inayotoa oksijeni, unga wa alumini unaoongeza joto, na mpira unaoshikamanisha vyote na wenyewe pia kuungua. Ukizidisha chumvi na alumini ili kupata nguvu, mpira unapungua na mchanganyiko unakuwa mgumu, kama ugali uliozidi unga. Mwishowe hupasuka. Ufa ni hatari kwa sababu fueli huungua kwenye uso wake. Anayepika kwa mkaa anajua kwamba vipande vidogo huisha haraka kuliko bonge zima. Vivyo hivyo, nyufa zikiongeza uso ghafla, gesi huzidi uwezo wa ganda la roketi, na roketi hulipuka. Tena, tofauti na fueli ya kimiminika, hapa hakuna bomba la kufunga moto ukishawashwa.

Kwa karne nyingi roketi zilitumia baruti, iliyovumbuliwa China. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1942 huko California, pale John Parsons alipochanganya lami na chumvi iitwayo perikloreti ya potasiamu, ili kupata roketi ndogo za kusaidia ndege za kivita kupaa. Lakini lami hulainika kwenye joto na kupasuka kwenye baridi, kwa hiyo ilikuwa shida kuihifadhi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, Charles Bartley wa maabara ya JPL aliiacha lami akatumia mpira wa viwandani. Mpira huo ulimiminwa ukiwa kama uji ndani ya ganda, ukaganda, ukashika kuta na kunyumbulika joto lilipobadilika. Katika miaka ya 1950 ikaongezwa alumini kwa wingi. Tunaona basi kwamba maendeleo yalitegemea gundi sawa na yalivyotegemea moto.

Matunda ya kazi hiyo ndiyo yaliyofika Ngomeni. Roketi ya Scout ya Marekani, iliyoanza kurushwa mwaka 1960, ilikuwa na hatua nne, zote za fueli mango. Kwa jukwaa la baharini ilifaa sana, kwani haikuhitaji matangi ya vimiminika vya baridi kali. Chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina Uhuru. Hadi tarehe 25 Machi 1988, Scout 9 zilikuwa zimerushwa kutoka jukwaa hilo, na zote zilifaulu.

Hata hivyo, fueli ya Scout ilimiminwa viwandani Marekani, ikaletwa ndani ya injini zilizokwisha kufungwa. Kenya ilitoa bahari na jina la Kiswahili. Kemia ilibaki ng'ambo. Sababu mojawapo ni ya kisiasa: fueli inayoinua setilaiti ndiyo hiyo hiyo inayobeba kombora. Mwaka 1987 mataifa 7 tajiri yalikubaliana kuzuia kuenea kwa teknolojia hiyo.

Je, suluhisho ni kila nchi kujitengenezea? Historia inatuonya. Tarehe 4 Mei 1988, kiwanda cha chumvi ya perikloreti ya amonia huko Nevada, Marekani, kiliungua na kulipuka. Watu 2 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Brazili, yenye kituo cha Alcântara kilichopo nyuzi 2 kusini mwa ikweta kama Kabuga, ilijenga roketi yake ya fueli mango. Tarehe 22 Agosti 2003 injini moja iliwaka kabla ya wakati ikiwa bado kwenye mnara wake. Watu 21 waliokuwa wakifanya kazi hapo walipoteza maisha.

Mfano wa tatu ni Japani. Mwaka 1955 Hideo Itokawa alianza na roketi ya fueli mango yenye urefu wa sentimita 23 tu, iitwayo Penseli, akairusha kwa mlalo. Roketi kubwa zilizofuata zilishindwa mara nne kufikisha setilaiti kwenye mzingo, kabla ya Ohsumi kufaulu Februari 1970. Mwaka 2019 setilaiti yetu ya RWASAT-1 ilipelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga na roketi ya Kijapani ya H-IIB, iliyosaidiwa kupaa na injini nne za fueli mango.

Kwa kuhitimisha, siamini kwamba Rwanda inahitaji kutengeneza roketi leo, na vifo vya Alcântara vinanizuia kuandika hivyo kwa wepesi. Lakini kuna tofauti kati ya kutorusha na kutojua. Mpira usiopasuka, chumvi isiyochafua maji na vipimo vya nyufa ni masomo ya kemia na uhandisi yanayoweza kufundishwa bila kuwasha chochote. Kenya ilikaa na jukwaa kwa zaidi ya miaka 20 ya urushaji bila kupata ujuzi wa fueli. Wajapani walianza na kitu kinachotosha juu ya meza. Tukijadili anga katika vyuo vyetu, tuanzie hapo mezani.