Neno la Wiki: Mizania

Juzi mwanafunzi wa sheria alinisomea hoja yake: "Mizania inaonyesha kampuni iliuza sana mwaka mzima, basi deni italilipa." Nikamsimamisha hapo hapo. Mizania haisemi hivyo. Neno hili la Kiarabu limezaliwa pamoja na mizani na uzani, na mwanasheria angepaswa kulipenda kuliko mtu yeyote: upande mmoja mali, upande wa pili madeni na mtaji wa wenye kampuni, na pande hizo sharti zilingane. Tena ni picha ya siku moja tu, tuseme tarehe 31 Desemba. Mauzo na faida ya mwaka mzima vitafute kwenye taarifa ya mapato. Na faida nayo si fedha taslimu. Aliyeuza kwa mkopo keshaiandika faida, huku droo ni tupu.

Wapo pia wanaosema urari wakikusudia mizania. Urari ni ule ulinganifu wa hesabu. Mhasibu huukagua kwanza, debiti kwa krediti, ndipo aandae mizania. Ukimhoji shahidi mahakamani, mwulize kwanza: karatasi uliyoshika ni ipi, na ni ya tarehe gani?