Kutoka Nyasi hadi Bati: Ukarabati wa Mapaa katika Uwanda wa Mbozi na Tunduma

Historia ya kukarabati mapaa katika eneo ambalo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe haitenganishiki na mvua yake, kwa kuwa uwanda wa Mbozi, nyumbani kwa Wanyiha, na ukanda wa Tunduma, ambako Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia, hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ubovu wa paa hujulikana katika miezi hiyo, na kiangazi kinachofuata ndicho wasaa wa kulitibu.

Paa la nyasi lilibebwa na makombamoyo, yaani miti inayopanda kutoka ukutani hadi kileleni, nayo ikakingamishwa fito zilizofungwa kwa kamba za magome ya miti ya miombo. Nyasi zilipangwa kuanzia upenuni, yaani ukingo wa chini, kwenda juu, ili kila safu ifunike vichwa vya ile iliyoitangulia na maji yateremke bila kupenya. Paa lenye mwinamo mkali lilikauka upesi, ilhali lililolala lilishika unyevu hadi nyasi zikageuka mboji. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kazi ya moshi: moto uliowashwa ndani ulikausha nyasi kutoka chini na kufukuza wadudu, huku masizi yakiipaka miti, hivyo nyumba iliyohamwa ilikosa kinga hiyo na kuanza kuoza mapema. Kuvuja kulipokuwa kudogo, nyasi zilizooza zilichomolewa na mpya kusukumizwa mahali pake. Paa lilipochoka kabisa liliezuliwa, maana yake nyasi zote ziliondolewa, miti mizima ikabakizwa, kisha likaezekwa upya. Kwa kuwa nyasi za kuezekea hukatwa zikiwa zimekomaa na kukauka, moto wa porini uliotangulia mundu uliteketeza mapaa ya mwaka huo kabla hayajajengwa.

Wanyiha walikuwa wahunzi mashuhuri walioyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo tangu kabla ya utawala wa Wajerumani, lakini chuma chao kilikuwa cha jembe na shoka, nacho kililifikia paa kwa njia ya shoka iliyokata makombamoyo. Bati lilitoka mbali. Mbinu ya kulikunja kwa mawimbi, yanayolipa ugumu, ilipewa hataza mwaka 1829 kwa Henry Robinson Palmer wa London, na ile ya kulichovya katika zinki ili lisishike kutu ilifuata Ufaransa katika muongo wa 1830. Huku Songwe, fedha za kahawa ya Mbozi, kiwanda cha mabati cha ALAF kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1960, barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 na iliyozinduliwa rasmi mwaka 1976, vilifanya mzigo huo mzito ufike kwa urahisi zaidi.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba bati lilikomesha kuoza. Lenyewe halipitishi maji, lakini maji hupenya kwenye matundu ya misumari iliyolegezwa na joto la mchana na baridi ya usiku, kwenye maungio, na chini ya kofia, yaani bati linalofunika kilele. Tone likishaingia hufuata papi, yaani mbao ambazo bati hupigiliwa, na kudondokea mbali, hivyo doa la darini haliko chini ya tundu. Wakati huo kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ambayo mara nyingi ni ya mikaratusi au misindano isiyotiwa dawa, huoza pale inapokaa ukutani, au huliwa na mchwa, bila mwenye nyumba kuona chochote. Lami inayopakwa juu ya tundu huzuia tone, lakini haiponyi mbao iliyokwisha kulainika. Ukarabati wa kweli humtaka fundi ang'oe bati, akate mbao hadi afikie sehemu ngumu, aambatishe mbao mpya ubavuni, kisha arudishe bati na kupigilia misumari kwenye mgongo wa wimbi, si bondeni maji yanakopita. Na kazi hiyo, kama ile ya nyasi, hufanywa kiangazi, kabla ya mawingu ya Novemba.