Barabara ya Serengeti: Swali Lililochelewa Kuulizwa

Mtu wa Mwanza anayetaka kwenda Arusha hana njia ya mkato isiyo na gharama. Akiingia lango la Ndabaka atakatisha Serengeti na Ngorongoro, na viingilio vya hifadhi atalipa. Akikwepa hayo, azunguke Shinyanga, Nzega na Singida. Wakongwe wa safari wanakumbuka pia enzi za kupita Sirari, Nairobi na Namanga, yaani kutoka Tanzania ili ufike Tanzania. Na mwananchi wa Mugumu au Loliondo ana taabu zaidi yetu, kwani mvua ikinyesha, mgonjwa na gunia la mahindi vyote vinasubiri.

Kwa hiyo Ndugu Jakaya Kikwete alipoahidi katika kampeni za mwaka 2005 barabara ya lami kutoka Musoma hadi Arusha kupitia Mugumu na Loliondo, hakuna wa kuwalaumu walioshangilia.

Lakini mwaka mmoja kabla, Bunge letu lilikuwa limepitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Sheria hiyo inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, hata kabla ya kutafutiwa fedha. Wakati ule ilitaka wananchi wasikilizwe, Baraza la Mazingira likague, Waziri ndipo aidhinishe. Na tathmini ya kweli lazima iulize: je, hakuna njia nyingine?

Barabara ya Serengeti iliulizwa swali hilo ikiwa tayari imekwisha kutangazwa majukwaani. Wataalamu walipokuwa wakikamilisha tathmini mwaka 2010, walikuwa wanapima ahadi.

Ubishi ulikuwa juu ya kilomita 53 tu ndani ya hifadhi. Dereva wa basi anazimaliza kwa dakika arobaini, na hatari yenyewe iko hapo hapo. Nyumbu zaidi ya milioni moja hupita eneo hilo wakati wa kiangazi wakiufuata Mto Mara, ambao ndio karibu pekee usiokauka, na ambao maji yake huishia katika ziwa letu. Lami huleta mwendo kasi na malori. Ajali zikizidi, watu hudai uzio. Botswana waliyaona katika miaka ya 1980, nyumbu wa Kalahari walipokufa kwa maelfu kwenye nyua zilizojengwa kuzuia magonjwa ya mifugo, wakitafuta maji.

Njia nyingine ilikuwapo, ya kusini mwa hifadhi. Ni ndefu zaidi, ila waliyoitetea walisema ingewafikia watu wengi zaidi.

Desemba 2010 shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya, ANAW, lilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Wapo waliokasirika: Mkenya atufundishe nini kuhusu Serengeti? Hasira hiyo naielewa, maana hoteli za Maasai Mara zinaishi kwa nyumbu hao hao. Hata hivyo, majaji walisoma mkataba ambao Tanzania iliutia saini yenyewe mwaka 1999. Juni 2011, kesi ikiendelea, Serikali iliiandikia UNESCO kwamba zile kilomita 53 zitabaki changarawe. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ikatamka kwamba mpango wa awali wa kupitisha lami Serengeti ulikuwa kinyume cha mkataba.

Hesabu miaka: 2005 hadi 2014. Tisa nzima! Nyumbu walipata watetezi kutoka pembe zote za dunia. Mkulima wa Mugumu, ambaye hakuwahi kuomba lami ipite katikati ya nyumbu bali aliomba afikishe mazao sokoni, alipata nini katika miaka hiyo? Yeye ndiye aliyecheleweshwa na swali lililocheleweshwa.

Upande wa Loliondo, lami ilikuja kuwekwa baadaye kati ya Waso na Sale, kilomita 49. Zote ziko nje ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.