Mtoto Mdogo na Shule Yake katika Nchi ya Dhahabu

Katika vitabu vya kutimiza miaka 100 ni desturi kuandika habari za wachungaji, majengo na kengele. Sura hii tumewawekea wale ambao majina yao hayamo katika daftari lolote la vikao, yaani watoto wa miaka mitatu hadi sita.

Wamisionari wa Berlin na Wamoravian waliingia nchi ya Konde, kusini mwa Chunya, mwaka mmoja, 1891. Makwao kulikuwa na urithi mkubwa wa malezi ya watoto. Askofu Jan Amos Comenius, wa lile kanisa la Ndugu ambalo Wamoravian wanajihesabu kuwa wazao wake, alitoa mwaka 1658 kitabu cha picha ili mtoto alitazame jambo wakati anajifunza neno lake. Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, alifungua Ujerumani mwaka 1837 shule ya michezo na vifaa vya mbao, na mwaka 1840 akaipa jina la bustani ya watoto. Cha ajabu, serikali ya Prussia, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Berlin, ilizipiga marufuku shule za namna hiyo mwaka 1851, ikizishuku kuwa zinafundisha kumkana Mungu. Ziliruhusiwa tena mwaka 1860.

Hapa kwetu shule za misheni zilianza na kusoma, kuandika na katekisimo. Mtoto mdogo alibaki kwa mama na bibi. Wala tusidhani kwamba alikuwa hafundishwi, kwani alifinyanga ng'ombe wa udongo, alitegua vitendawili, na alijua kuhesabu kuku kabla hajaiona namba ubaoni.

Dhahabu ilibadili mambo. Tangu ilipogunduliwa Lupa mwaka 1922, na zaidi katika miaka ya 1930, watu walimiminika Chunya kutoka kila upande, nao walikuja bila bibi. Katika makambi ya wachimbaji mtoto humfuata mama yake kwenye maduara na makarasha. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2013, ambayo sehemu ya utafiti wake ilifanyika Chunya, ilieleza habari za watoto wanaochimba, wanaobeba mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu, na za zebaki kuchomwa majumbani. Kwa hiyo chekechea huku si pambo la usharika.

Ndugu msomaji atakumbuka kwamba Maria Montessori naye alianza katika hali kama hiyo. Nyumba yake ya kwanza, iliyofunguliwa Roma mwezi Januari 1907, ilipokea watoto wa vibarua walioachwa peke yao mchana kutwa wazazi wakiwa kazini. Mbinu yake imekuwa ikifundishwa kwa walimu na Masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema, Moshi.

Serikali iliitambua elimu ya awali katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, na Sera ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa elimu hiyo kuwa wa lazima. Mtaala wa 2016 ulitaka mtoto ajifunze kwa kucheza, katika kona za kujifunzia. Darasani mara nyingi utakuta jambo jingine: ubao mmoja, na watoto wa miaka minne wakiitikia kwa pamoja herufi wasizozijua. Lawama hii si ya mwalimu peke yake. Sisi wazazi ndio tunaodai daftari lililojaa maandishi, na asipolileta mtoto tunasema ada imepotea. Hali vizibo vya soda, magunzi ya mahindi na kokoto za mtoni, ambazo Chunya haziadimiki, humtosha mtoto kupanga, kulinganisha na kuhesabu asubuhi nzima, mwalimu akiwa amechuchumaa kando yake, akimwuliza amepata ngapi na amejuaje.