Mgeni wa Usiku Mmoja

Ndugu msomaji, mgeni akilala mjini kwako usiku mmoja tu kisha akenda zake, ataondoka na nini? Mali yako hakuipata, wala nasaba yako hakuijua. Ataondoka na yale aliyoyaona kwa macho yake, na hayo ndiyo atakayoyahadithia huko aendako. Sisi watu wa Mwambao tunao ushahidi wa mgeni wa namna hiyo, nao umekwisha pita karibu miaka mia saba.

Mgeni huyo ni Abu Abdillahi Muhammad, ajulikanaye kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tanja, katika nchi ya Maghribi, mwaka 1304. Mwaka 1325, naye ni kijana wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akatoka kwenda Hija peke yake, hana msafara wala rafiki wa njia. Niya ilikuwa Makka, lakini safari ilimfikisha mpaka Bara Hindi na Uchina, na hakurejea kwao ila mwaka 1349.

Mwaka 1331 alipanda chombo Adeni, akapita Zeila na Mogadishu, kisha akafika kisiwa cha Mombasa. Hapo alilala usiku mmoja tu, akaendelea na safari yake kwenda Kilwa.

Sasa tazama aliyoyaona katika usiku huo mmoja. Aliona ndizi na ndimu. Aliona zambarau, akazifananisha na zeituni za kwao, ila hizi ni tamu mno. Aliona kuwa watu wa kisiwa hawalimi nafaka, huletewa kutoka pwani nyingine, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Aliwakuta ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, watu wa dini, wasafi na wema.

Lakini alilolieleza kwa urefu zaidi ni milango ya misikiti yao. Kila msikiti ulikuwa na kisima mlangoni, kimoja au viwili, na kata ya mti yenye mpini wa kuchotea maji. Ardhi ya kuzunguka kisima na msikiti ilisakafiwa. Watu walikwenda miguu mitupu, na aliyetaka kuingia aliosha miguu yake kwanza, kisha akaipangusa juu ya jamvi nene lililowekwa mlangoni.

Msomaji wangu, habari hizi Ibn Battuta aliziandikisha kwa mwandishi wake, Ibn Juzayy, katika kitabu kilichomalizika mwaka 1355. Ilikuwa imepita miaka 24. Katika muda huo aliona majumba ya wafalme wengi, na bado hakuisahau ile kata ya mti na lile jamvi la Mombasa. Wala aliyeliweka jamvi lile hakujua kama anaandikwa.

Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abulmawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Sultani huyu alikaa na mafakiri na kula nao. Siku moja ya Ijumaa, alipokuwa akitoka msikitini, alisimamishwa na fakiri kutoka Yemen aliyemwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani alirudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe alipozikomboa kwa watumwa kumi, baba aliamrisha fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapa, msomaji, tusipite tukafumba macho. Katika sifa hii ya ukarimu walitolewa wanaadamu ishirini kama zitolewavyo pembe. Wao hawakuulizwa, wala majina yao hayakuandikwa. Hayo pia ni historia yetu. Mwenye kujifakharisha kwa wazee wake na asome ukurasa wote, asichague mistari.

Na ukurasa huo una jambo la tatu. Hasan alipokufa alitawala nduguye, Daud, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija huambiwa kwamba mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa miezi mingi ndipo wapate kidogo, mpaka watu wakaacha kwenda mlangoni kwake. Jina jema lililojengwa kwa umri mzima wa mtu mmoja liliharibiwa na aliyemfuata.

Leo Msikiti Mkuu wa Kilwa ni magofu, na wageni wanakwenda kuyatazama. Mombasa, Lamu na Unguja kila siku anashuka mtu peke yake na mkoba wake, akalala usiku mmoja au miwili. Ataona nini mlangoni pa msikiti wetu? Maji safi, au taka? Ataambiwa bei ya haki sokoni, au ataibiwa kwa kuwa hajui lugha? Na mtumishi aliyemletea chai atamwona ameheshimiwa, au ametukanwa mbele yake?

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tuanze kupona kwa lile lililo mikononi mwetu: tufagie mlango, tujaze maji, tutandike jamvi. Wallahu aalam.